Rubani aliyezunguka mara 11 Kisongo ni mimi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuhusu ndege ndogo ya njano aliyoiona Uwanja wa Ndege wa Arusha. Alieleza kwamba akiwa kijiweni na wenzake wa bodaboda pale Kisongo, aliihesabu ndege hiyo ikishuka mara 11 asubuhi moja; kwamba mara mbili ilidunda kama mpira, mara nyingine ilibakiza kidogo iguse chini ikapaa tena, na kwamba rubani wake "ameshindwa kutua" na anyang'anywe leseni kabla hajaangukia nyumba za watu. Alilalamikia pia kelele ya alfajiri.

Hesabu yake ni sahihi kabisa. Zilikuwa 11, na rubani ni mimi.

Simlaumu. Mtu aliyesimama chini akaona chombo kinadunda juu ya vichwa vya watu ana haki ya kuogopa, na amefanya vizuri kuandika jina lake chini ya hofu yake. Lakini hilo neno "ameshindwa" limenikosesha usingizi. Kuna vijana wanajifunza urubani sasa hivi, na wanasoma gazeti hili. Nisingependa waingie kwenye chumba cha ndege wakiwa wamelibeba neno hilo.

Nina miaka 14 kwenye kazi hii. Nilijifunzia Cessna 172, ile ya viti vinne, nikahamia Cessna 206 ya viti sita, ambayo nimebebea watalii, wagonjwa na maboksi ya chanjo. Zote mbili zina gurudumu la tatu puani. Mwaka huu nimepata kazi ya kuhesabu wanyama kutoka angani, na kazi hiyo inataka ndege inayoweza kwenda polepole bila kuanguka. Ndiyo hiyo ya njano: Piper Super Cub, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, injini ya nguvu za farasi 150. Ikijaa watu, mafuta na mizigo, uzito wake wote hautakiwi kuzidi kilo 794. Toyota IST ikiwa tupu ni nzito kuliko hiyo. Puani haina gurudumu. Ina magurudumu mawili makubwa mbele na moja dogo mkiani.

Aliyerusha kubwa atashindwaje na ndogo? Hata mimi nilijiuliza hivyo kabla sijapanda, na jibu nililijua tangu utotoni bila kujua kwamba nalijua.

Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa semi-tela, akisomba katani kutoka Korogwe kupeleka bandarini Tanga. Nilikuwa nasimama pembeni nikimtazama akirudisha tela nyuma kuingia ghalani. Kwenda mbele, tela hufuata lenyewe. Dereva akiyumba kidogo, litajinyoosha. Kurudi nyuma ni habari nyingine. Likianza kukata kona linazidi kukata, na ukisubiri mpaka ulione vizuri ndipo uguse usukani, limeshajikunja. Baba alikuwa anachezesha usukani muda wote, kushoto kidogo, kulia kidogo, hata pale ambapo mimi niliona tela limenyooka kama rula.

Ndege yenye gurudumu puani ni tela linalokwenda mbele. Uzito wake umekaa mbele ya magurudumu makubwa, kwa hiyo ukigusa chini ukiwa umepinda kidogo, uzito wenyewe unaivuta ndege na kuinyoosha. Super Cub ni tela linalorudi nyuma. Uzito umekaa nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ukigusa umepinda, mkia unataka kuja mbele na pua kwenda nyuma. Usipouwahi, ndege inazunguka kama pia na kulalia bawa. Kinachouwahi ni miguu. Kwenye pedali, zile zinazogeuza pua kushoto na kulia, unafanya kile alichokuwa anafanya baba kwenye usukani, bila kupumzika, tangu unapogusa mpaka unaposimama. Miguu yangu ilikuwa imelala miaka 14.

Tulianza saa 12:30 asubuhi. Mwalimu wangu ni mzee mstaafu ambaye ujana wake wote aliumalizia kunyunyiza dawa ya kwelea kwelea, na ndege za gurudumu la mkiani anazijua kama mfuko wa shati lake. Kitu cha kwanza alichotazama ni miguu yangu. "Binti, vua hayo mabuti." Nikamwambia ndiyo ninayorukia siku zote. "Hayo ni ya kukanyagia. Hapa nataka usikie." Nikarudi garini nikavaa raba nyembamba ambazo kwa kawaida navaa nikienda sokoni, na ni kweli: nikakaa, nikaweka nyayo kwenye pedali, nikaisikia injini inavyotetemesha vidole.

Yeye alikaa nyuma. Kwenye ndege hii aliye nyuma anaona kisogo cha aliye mbele, na kingo mbili za njia ya kurukia. Lakini hata mimi niliye mbele, ndege ikiwa imekalia mkia, pua ilinizibia yote yaliyo mbele yangu. Katika 206 naiona njia yote mpaka mwisho. Hapa nilitakiwa kutua kwa kutazama pembeni, majani ya kushoto na majani ya kulia, na kupima kama yanalingana.

Mzunguko wa kwanza nilishuka vizuri, mwendo mzuri, nikagusa na magurudumu mawili ya mbele taratibu kabisa. Kwa Cessna hiyo ingekuwa ndiyo mwisho wa habari. Lakini uzito ukiwa nyuma, magurudumu yakigusa, mkia unaendelea kushuka, mabawa yanainuka kuushika upepo upya, na ndege inakurudisha hewani. Ndiyo mara ya kwanza aliyoiona ikidunda. Mzee akasema neno moja tu, "Mafuta," yaani niongeze nguvu ya injini, tukapaa.

Mara ya pili nataka niieleze polepole, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha nilikuwa wapi. Kwenye Cessna usukani naushika kwa mkono wa kushoto, na kitasa cha nguvu ya injini kiko mkono wa kulia. Ukitaka nguvu, unasukuma mbele kwa kulia. Kwenye Super Cub ni kinyume. Usukani ni fimbo iliyosimama katikati ya mapaja, unaishika kwa kulia, na nguvu ya injini iko ubavuni kushoto. Nilikuwa nimeyasoma hayo, nimeyakariri, nimekaa ndani ya ndege ikiwa imezimwa nikajizoeza nusu saa nzima. Ndege ilipodunda mara ya pili, moyo ukaruka, na mkono wangu wa kulia ukafanya ulichofanya kwa miaka 14: ukasukuma mbele kutafuta nguvu. Ulichosukuma ni usukani. Pua ikainama kuelekea lami tukiwa kwenye kimo cha mtu mrefu. Fimbo ya nyuma imeunganishwa na ya mbele, na mzee alikuwa ameshaishika. Nilihisi imegota kama imekutana na ukuta. Mkono wake wa kushoto ukaongeza nguvu. Tukapaa.

Hakunigombeza. Tulipofika juu aliniambia niimbe kwa sauti, "kushoto mafuta, kulia usukani," mzunguko mzima. Nikaimba, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Mara ya tatu tulitua tukasimama. Ya nne tulitua, nikashusha pumzi, na pale pale nilipoishusha pua ikaanza kwenda kushoto. Miguu ya mzee ikaniwahi kwenye pedali. "Hii haijatua mpaka umeifunga kamba," akaniambia. Ya tano ilikuwa ya kawaida.

Ya sita ndiyo ambayo msomaji wako ameitaja kama mbaya kuliko zote, ile "iliyobakiza kidogo iguse." Ndugu yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilikuwa nimeshakaribia kabisa, hakuna aliyesema kitu, hakuna kilichoharibika. Ila niliona majani ya kulia yanapungua na ya kushoto yanaongezeka, maana yake naelea pembeni, na sikuwa na uhakika kama miguu yangu ingewahi. Mkono wa kushoto, wa kushoto safari hii, ukasukuma wenyewe. Tukapaa. Nyuma yangu kimya, kisha nikasikia, "Hapo sasa." Ndiyo sifa pekee niliyoipata asubuhi ile.

Ya saba na ya nane tulisimama. Ya tisa mbwa alikatiza njia, nikaghairi. Ya kumi tulisimama, ya kumi na moja pia. Saba za kusimama kabisa na nne za kupaa tena. Ile ya mwisho nilivuta usukani taratibu nikiizuia ndege isiguse, nikaizuia, nikaizuia, mpaka fimbo ikanigusa tumboni na mabawa yakaishiwa. Magurudumu yote matatu yakagusa kwa sauti moja. Sikushusha pumzi. Nilicheza na pedali mpaka mahali pa kuifunga kamba.

Pengine mtu atauliza kwa nini tusingekwenda mahali pengine kusiko na watu. Siku nyingine tunakwenda. Lakini Kisongo panafundisha kitu ambacho Tanga hapafundishi. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya mita 1,380 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Mshale wa mwendo ukisoma kilomita 100 kwa saa, kwa kweli ardhi inapita chini yako kwa 109 hivi hata bila upepo, na jua likiwaka inazidi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kuisimamisha ndege inapanda karibu moja ya tano. Jicho lililozoea pwani linakudanganya kwamba una kasi mno, linakushawishi upunguze, na ukipunguza mabawa yanaacha kukubeba kabla hujawa tayari. Jicho linajifunza kwa kurudia. Tena asubuhi na mapema, kabla ndege za watalii hazijaanza kupishana na kabla upepo wa Mlima Meru haujaamka.

Kanuni za kimataifa zinataka rubani mkuu wa ndege za biashara awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita kwenye aina ile ile ya ndege. Marekani wameongeza kwamba kwa ndege ya gurudumu la mkiani, ukitaka kubeba abiria, kutua huko kuwe kwa kusimama kabisa, si kwa kugusa na kuondoka, na tangu 1991 hakuna anayeanza kuzirusha kama rubani mkuu mpaka mwalimu amsainie kwamba amefundishwa na anaziweza. Waliandika hivyo kwa sababu wanajua hatari yake iko wapi: baada ya kugusa.

Sasa niseme kilichonisukuma hasa kuandika.

Miaka ya nyuma nilifanya kazi katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Msimamizi wetu alikuwa na tabia: rubani akighairi kutua akazunguka tena, akirudi ofisini anaulizwa mbele ya wenzake. "Mbona umezunguka? Hayo mafuta ni ya baba yako?" Hakuna aliyeandikiwa barua ya onyo. Tulichekwa tu. Na kicheko, Mhariri, kinaongoza mkono wa mtu kuliko kanuni.

Alasiri moja nilikuwa na 206 na watalii watano, tunaelekea kiwanja cha vumbi porini. Upepo ulikuwa umegeuka ukawa unanisukuma mgongoni. Niliuona, mfuko wa upepo ulikuwa unaonyesha wazi. Nilikuwa juu mno na kasi mno, na theluthi ya kiwanja ikapita chini yangu kabla sijagusa. Nilijua. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kitasa cha nguvu. Nilichokiona kichwani wakati ule ni ofisi, na wenzangu, na lile swali la mafuta ya baba. Nikaibana chini, nikakanyaga breki mpaka miguu ikatetemeka, vumbi likatufunika. Tuliposimama, abiria wakapiga makofi. Mmoja alinishika bega akasema hajawahi kuona rubani jasiri kama mimi, akanipa bahashishi.

Walipopanda gari lao kuelekea kambini nilirudi kwenye ndege. Nikahesabu hatua kutoka gurudumu la puani mpaka mwisho wa kiwanja. Zilikuwa 19. Baada ya hatua hizo kulikuwa na korongo lenye mawe, na mti wa mgunga chini yake. Nilikaa kivulini mwa bawa mpaka jua likaanza kuzama, na ile bahashishi nikampa mlinzi wa kiwanja.

Wiki tatu baadaye, kiwanja hicho hicho, nilishuka nikakuta pundamilia wamesimama katikati. Nikaghairi, nikapita chini kuwafukuza, nikazunguka, nikatua salama mwanzoni kabisa mwa kiwanja. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alikuwa analia, na mumewe akauliza kama kesho yake wanaweza kupewa rubani mwingine, mwenye uzoefu.

Kwa hiyo niliposoma "ameshindwa kutua" gazetini, nilimsikia yule msimamizi. Nimeona pia vichwa vya habari, "Ndege yanusurika," na ukisoma ndani unakuta rubani aliona kitu asichokipenda akapaa tena, yaani alifanya kazi yake. Nawaomba waandishi wa gazeti hili, habari kama hiyo ikija mezani, wampigie simu rubani yeyote kabla hawajachagua kichwa chake. Nawaomba na wenye makampuni: ndege kama hii ninayoirusha inakunywa lita 30 hivi kwa saa. Saa mbili za mazoezi ni lita 60. Atakayeona ni nyingi aende akahesabu hatua kama nilivyohesabu mimi.

Kuhusu kelele ya alfajiri, hapo msomaji wako ana haki na sina la kujitetea. Nina mtoto mdogo, najua maana ya kuamshwa. Nimeongea na mzee, na siku za Jumapili hatutaanza kabla ya saa 2.

Alhamisi ijayo tutarudi, tena safari hii saa 4 asubuhi kwa makusudi, kwa sababu nataka upepo wa ubavuni. Msomaji wako akiwa kijiweni ataona bawa moja limeinama na gurudumu moja limegusa peke yake kabla ya jingine. Asishtuke, bawa hilo nalilaza mwenyewe upande unakotoka upepo, ili ndege isisukumwe nje ya njia. Na nikipaa tena kabla ya kugusa, naomba aendelee kuhesabu kama alivyohesabu siku ile, azijumlishe zote pamoja.

Rubani, Arusha
(Jina limehifadhiwa)